Maji mnayookoa juu ya mto, chini kuna aliyekuwa akiyategemea

Mkondo Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mijadala ya maji karibu yote huishia pale pale: wakulima wafunge umwagiliaji wa matone, viwanda vitumie maji yao mara mbili, majumbani tupunguze. Sipingi hata kimoja. Ila chini ya hayo yote kuna hesabu moja ambayo ikikosewa, juhudi zenyewe zinaweza kukausha mto kuliko uzembe tunaoulaumu. Hesabu hiyo ndiyo nimeileta hapa tuichambue.

Maji unayochota na maji unayomaliza ni vitu viwili. Shamba likimwagiliwa kwa mfereji, sehemu ya maji hupanda hewani kupitia majani ya mazao na udongo ulio wazi. Hayo yameshatoka bondeni, yatanyesha kwingine. Yanayobaki huzama ardhini au huchuruzika hadi mifereji ya kutolea maji, na baada ya siku kadhaa, wakati mwingine miezi, huibuka tena mtoni au kwenye visima vya walio chini. Ripoti za miradi huyaita "upotevu". Aliye chini ya mto anayapikia na kunyweshea mifugo.

Tuchukue tarakimu za kufikirika tu ili tuelewane. Mkulima anachota lita 100 kwa mfereji. Mazao yanamaliza 50, zinarudi 50. Anafunga mabomba ya matone. Sasa anahitaji kuchota 60 tu: mazao yanamaliza 50 zile zile, zinarudi 10. Mradi unaandika umeokoa lita 40. Lakini kibali chake bado kinasema 100, na ana ardhi ya ziada, kwa hiyo anapanua shamba mpaka lita 100 zote zipate kazi. Mazao sasa yanamaliza karibu 83, zinarudi 17. Mto umepungukiwa lita 33 kuliko siku za mfereji mbovu, na hakuna aliyeiba wala kuvunja sheria. Mkulima amevuna zaidi, fundi amelipwa, mfadhili amepiga picha. Aliye chini anaona tu kijito kimekatika mwezi mmoja mapema na hajui amlaumu nani.

Hii si nadharia ya darasani. Pale Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, mto Ruaha Mkuu ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ulianza kukauka kiangazi miaka ya mwanzo ya 1990. Sababu ni nyingi, ila moja haitajwi sana: mabanio, yaani vizuizi vya kuelekeza maji ya mto kwenye mfereji. Mabanio ya jadi ya mawe, magogo na majani yalikuwa yakivuja, na mafuriko yaliyasomba karibu kila mwaka. Yakaja mabanio ya zege yenye malango ya chuma, kwa jina la maboresho. Yale ya zamani yaliruhusu maji kupita hata kama mwenye banio hakutaka yapite. Haya mapya yanaweza kukamata karibu mkondo wote wa kiangazi, yaani wakati ule ambao kiboko na mamba wa Hifadhi ya Ruaha, chini ya mto, hawana pengine pa kwenda.

Kwa viwanda nako hesabu ni hiyo hiyo. Mtambo wa umeme wa mvuke unaopoozwa kwa kupitisha maji ya mto mara moja huchota maji mengi ajabu, lakini karibu yote huyarudisha, yakiwa na joto. Ukiujengea mnara wa kupoozea, uchotaji unashuka sana, ila kiasi kinachopotea kwa mvuke kinaongezeka. Upi bora? Inategemea mto. Mto mkubwa wenye samaki wasiostahimili joto utashukuru kwa mnara. Bonde kavu lenye miji chini yake huenda likaumia. Anayekupa takwimu za uchotaji peke yake amekuficha nusu ya habari.

Kilimo, kwa ujumla wa dunia, kinachota takriban 70% ya maji yote baridi yanayochukuliwa na binadamu. Ukihesabu yale yasiyorudi, sehemu yake ni kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mazungumzo ya kuoga dakika chache, ingawa yana faida mjini, hayagusi kiini cha jambo.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kugawa tone moja, sehemu ya mto wenyewe na ya watu wa kunywa itengwe kisheria, kisha kinachobaki kigawanywe kwa kupima kinachomalizwa. Afrika Kusini waliandika hivyo katika Sheria ya Taifa ya Maji ya mwaka 1998. Kuna kitu wanakiita Akiba, chenye mafungu mawili: mahitaji ya msingi ya binadamu, yanayohesabiwa kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, na maji ya kuuweka mto hai. Kila mwingine, awe mgodi au shamba, anasubiri nyuma ya hayo mawili. Kenya wakaiweka akiba ya namna hiyo katika sheria yao ya 2002, Tanzania katika ile ya 2009. Utekelezaji unasuasua kote, lakini mpangilio wa nani aanze uko sahihi.

Na sehemu ya mto isiwe bomba linalotiririsha kiasi kimoja mwaka mzima. Mto unahitaji mafuriko yake. Samaki wengi huzaliana maji yakipanda hadi kwenye tambarare. Ardhioevu hujazwa na gharika, visima vya pembezoni hali kadhalika. Bwawa linalotoa kiasi kile kile kila siku linaweza kutimiza jumla ya mwaka kwenye karatasi na bado likaua uvuvi wote.

Karibuni. Mwenye hoja tofauti ailete wazi.

Shamba Darasa

Mkuu, hoja yako naielewa lakini unaweza kuwakatisha tamaa wakulima bila sababu. Matone yana faida ambazo hukuzigusa: mbolea haisombwi hadi mtoni, gharama ya kusukuma maji inashuka, udongo hautuamishi chumvi kama kwenye mifereji. Halafu kuna maji yanayopotea kweli, yale ya udongo ulio wazi kati ya mistari. Na kama ziada ya shamba inaishia baharini au kwenye maji ya ardhini yenye chumvi, ukiizuia hujamdhulumu mtu yeyote.

Mkondo Mrefu

Umesema kweli, na umenisaidia kulinyoosha swali: yanayobaki yanakwenda wapi? Yakiishia baharini, okoa kwa nguvu zote.

Ila hata hapo tuangalie mara mbili. Kusini mwa California kuna bonde la Imperial linalomwagiliwa kwa maji ya mto Colorado. Ziada ya mashamba yake humwagikia Salton Sea, ziwa la chumvi lisilo na mtoko. Mwaka 2003 walikubaliana kupunguza ziada hiyo na kuuza maji kwa mji wa San Diego. Ukiangalia ramani ungesema hapo hakuna wa kuumia, maji yalikuwa yanaozea tu. Ziwa likaanza kunywea, sakafu yake ikabaki wazi, na upepo ukawa unarusha vumbi kwenye makazi ya watu ambao tayari walikuwa wakisumbuliwa na pumu. Ndege wanaohama nao wakapoteza kituo. Kwa hiyo mimi ningeongeza sharti moja kwa kila mradi wa kuokoa maji: uandike kwa jina nani anayatumia sasa hayo yanayoitwa upotevu. Na kibali kipunguzwe siku ile ile mabomba yanapofungwa. Mabomba yakitangulia na kibali kikasubiri, hakitapunguzwa kamwe.

Kisima Kirefu

Naongezea upande wa chini ya ardhi, maana huko hakuna anayeona.

Maji ya mtoni yakiisha unaona mchanga. Kisima kikishuka unaongeza bomba, unanunua pampu yenye nguvu zaidi, maisha yanaendelea, na jirani yako mwenye kisima kifupi ndiye anayekauka. Kibaya zaidi, tabaka lenye udongo wa mfinyanzi likinyonywa sana, chembe zake hubanana. Ardhi juu yake hushuka, na nafasi iliyokuwa inahifadhi maji haipo tena hata mvua inyeshe miaka kumi. Karibu na Mendota, California, ardhi ilididimia takriban mita 9 kati ya 1925 na 1977. Hapo msemo wa maji yakimwagika hayazoleki unageuka kuwa jiolojia.

Lakini nina habari ya kutia moyo. Kaskazini magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, wakulima wa eneo linaloitwa Sheridan 6 waliona kina cha visima kinavyoshuka. Wakapendekeza wenyewe kwa serikali wapunguziwe maji karibu 20%, wakaanza mwaka 2013. Mgao haukuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ulikuwa wa miaka mitano kwa pamoja, mkulima akitumia kidogo mwaka wa mvua anajilimbikizia kwa ajili ya ukame. Kila pampu ina mita. Walipunguza kuliko walivyoahidi, na faida zao hazikuporomoka: wengine walihama kwenye mahindi wakalima mtama na ngano, wengine wakawa makini tu wasimwagilie udongo ambao bado una unyevu.

Kwangu mimi siri ni mbili. Ukomo ulihesabu maji yenyewe, haukuhesabu aina ya mabomba. Na waliouweka ndio wanaouishi.

Binti Mto

Hilo la pili ndilo ningependa tulikalie. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alianza utafiti wake kwenye maji ya ardhini ya Los Angeles, na maisha yake yote alionyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali ya pamoja bila kumuuzia mtu mmoja na bila kusubiri askari wa serikali. Si kila jamii, na si hivi hivi tu. Mipaka ijulikane, watumiaji washiriki kutunga kanuni, anayekagua awajibike kwao, adhabu ianze ndogo na ipande.

Valencia, Hispania, wana baraza la maji linalokaa kila Alhamisi adhuhuri mlangoni mwa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao wa kila mfereji. Kesi inasikilizwa kwa mdomo, mbele za watu, na hukumu inatoka papo hapo. Limedumu karne nyingi na UNESCO ililiorodhesha kama urithi usioshikika mwaka 2009. Naamini linadumu kwa sababu anayehukumu anajua kwa macho mfereji unaozungumziwa, na Alhamisi ijayo huenda akawa yeye mshtakiwa.

Shida yangu na jumuiya nyingi za watumia maji ninazosikia zikisifiwa ni kwamba zinaundwa ili zikusanye ada na kulinda chanzo, lakini kibali cha mgodi au shamba kubwa kinatolewa ofisini bila wao kuulizwa. Hapo jamii imepewa ufagio tu.

Msafiri wa Nyanda

Sawa, ila mnazungumzia wakulima kwa wakulima. Mji na shamba je? Mji una kura na fedha.

Binti Mto

Inawezekana, ndugu yangu, kama kuna uhusiano kabla ya janga. Mwaka 2018 Cape Town ilipokaribia kufunga mabomba kwa ukame, na watu wakawekewa ukomo wa lita 50 kwa siku kwa kila mmoja, wakulima wa chama cha watumia maji cha Groenland walifungulia mabwawa yao na kuupa mji lita bilioni 10 hivi. Walikuwa wamepata mvua kuliko wenzao, wakaona wana ziada.

Jambo lingine lililojitokeza pale ni milima. Misonobari na miwati ya kigeni iliyosambaa kwenye vyanzo hunywa kuliko uoto wa asili, kwa hiyo kuing'oa kunaurudishia mto maji bila kujenga ukuta wowote. Hii inakwenda kinyume na mazoea ya kudhani kila mti unaleta maji. Mti gani, na umepandwa wapi, ndilo swali.

New York nao waliamua mapema. Badala ya kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja, mwaka 1997 waliwekeana mkataba na vijiji na wakulima wa milima ya Catskill: mji unalipia utunzaji wa ardhi, mifumo ya majitaka na uzio wa kuzuia mifugo isiingie vijitoni. Maji ya vyanzo hivyo hadi leo yanafika mjini bila kuchujwa.

Fundi Bomba

Naomba nami nitetee mabomba ya mjini, maana huku tunafukuzana na vyanzo vipya wakati ndoo inavuja. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 zaidi ya 70% ya maji yaliyosukumwa hayakulipiwa: yalivuja, yaliibwa, au mita hazikuwepo. Mkuu wa mamlaka yao, Ek Sonn Chan, alianza na wakubwa. Jenerali asiyelipa alikatiwa kama mtu wa kawaida. Mafundi walisimama zamu usiku kusaka uvujaji. Upotevu ukashuka hadi karibu 6%, na mitaa ya maskini iliyokuwa ikinunua kwa wachuuzi kwa bei kubwa ikaunganishwa.

Mkondo Mrefu

Fundi, hapo sina ubishi, na uzuri wake ni kwamba ulikuwa ukweli wa uongozi kwanza, mabomba baadaye. Nakukumbusha tu kanuni ya uzi huu: uvujaji wa mji wa pwani unaishia baharini, uzibe haraka. Uvujaji wa mji wa bara mara nyingine ndio unaojaza visima vya pembeni. Bado uzibe, kwa sababu maji yale yaliyosafishwa yana gharama ya umeme na dawa, lakini usiyahesabu yote kama maji mapya.

Shamba Darasa

Na viwanda? Kuna mtu atasema kiwanda chake kinarudisha 95% ya maji, huku yanayorudi yana rangi na metali nzito.

Mkondo Mrefu

Hayo hayajarudi. Maji yasiyoweza kutumiwa na aliye chini yamemalizwa sawa na yaliyogeuka mvuke, na kibali kiyahesabu hivyo. Tena yanaharibu na mengine safi yanayochanganyika nayo, kwa hiyo kiwanda kidogo kichafu kinaweza "kunywa" mto kuliko shamba kubwa.

Wapo waliofanya vizuri. Kalundborg, Denmark, mwaka 1961 walivuta maji ya ziwa Tissø kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta ili kuyapumzisha maji ya ardhini yaliyokuwa machache. Baadaye viwanda jirani vikaanza kupokezana maji ya kupoozea na mvuke, mabaki ya mmoja yakawa malighafi ya mwingine. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nako, tangu 1968, majitaka ya mji husafishwa hadi kuwa ya kunywa na kuingizwa moja kwa moja kwenye mtandao. Mji ulio kwenye nchi kame, mbali na mto wowote wa kudumu, haukuwa na anasa ya kuona haya.

Msafiri wa Nyanda

Nimefuata uzi wote. Swali langu la mwisho: mwaka wa ukame mkali ukija, nani anakatwa kwanza? Maana hapo ndipo sheria nzuri zote huwekwa kabatini.

Mkondo Mrefu

Kwanza, mgao uwe wa asilimia ya kilichopo. Mkataba wa mto Colorado wa 1922 uligawa kiasi maalumu kwa majimbo ya Marekani, karibu kilomita za ujazo 18.5 kwa mwaka, ukitegemea vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua kuliko kawaida. Mexico wakaongezewa zao kwa mkataba wa 1944. Tangu 2000 mto umekuwa ukileta wastani ulio chini ya 16. Kila mtu ana karatasi halali ya maji ambayo hayapo, na delta ya mto ndiyo iliyolipa: kwa miongo mingi mkondo haufiki baharini isipokuwa mara chache.

Pili, mpangilio ujulikane kabla ya kiangazi. Ningeweka maji ya kunywa na kile kiwango cha chini cha mto mbele ya vyote. Kisha mazao ya kudumu yapate kuliko ya msimu, kwa kuwa mchungwa ukifa umepoteza miaka mingi, na shamba la mpunga linaweza kupumzika mwaka mmoja. Australia, katika ukame mrefu wa bonde la Murray-Darling, vibali vilikuwa vya asilimia na viliruhusiwa kuuzwa. Wakulima wa mpunga waliuza maji yao kwa wenye bustani za matunda na mizabibu, uzalishaji wa mpunga ukashuka hadi karibu sifuri msimu wa 2007/08, bustani zikapona.

Hapo sijaridhika, nasema wazi. Mwenye kibali alilipwa. Kiwanda cha kukoboa mpunga pale Deniliquin kilifungwa miaka kadhaa, na wafanyakazi wake hawakuwa na kibali cha kuuza. Vibarua, madereva, wenye maduka, wavuvi wa chini ya mto, wote wanategemea maji ambayo kisheria si yao, na soko halina pa kuwaandika. Kwa hiyo ningetaka sehemu ya kila mauzo ya maji yanayotoka eneo fulani iingie kwenye mfuko wa eneo hilo, unaosimamiwa na watu wake, wakiwemo wasio na shamba. Binti Mto, wewe uliyesoma mabaraza haya, wasio na kibali huwa wanapata kiti?